Misumari Minne Majivuni

Kila asubuhi, maji yakishakupwa, Zamda na mama yake, Mwanajuma, waliokota makombe ya chaza kando ya mkondo wa bahari pale kijijini Salale na kuyapeleka kwenye tanuri la chokaa. Makombe yalichomwa siku tatu bila moto kuzimika, yakawa chokaa nyeupe pe. Mshamu, Mmatumbi mwenye mikono mipana kama makasia, aliipakia kwenye kigari cha chuma na kukisukuma juu ya reli ndogo hadi gatini.

"Mshamu, leo kigari kinakusukuma wewe!" wanawake walimtania.

"Nyinyi mmekijaza kama mnahama!"

Mwaka ule vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilipamba moto Umatumbi, kila Mmatumbi akashukiwa kuwa mwasi, na wakata kuni walikuwa wamekimbia. Siku ya tatu ya kuchoma, mama alimwachia Zamda tanuri. "Moto usizimike, mwanangu." Lakini kuni zilizobaki zilikuwa mikoko mibichi, zikatoa moshi mtupu. Chini ya reli Zamda akaona mataruma mawili, vile vipande vya mti vinavyoishikilia reli, makavu na yamelegea. Akayachokonoa, akayatia motoni na misumari yake. Moto ukawaka.

Alasiri kigari kilipinduka palepale. Hakuna aliyeumia, ila msimamizi, Bwana Mwinyimvua, aliita askari.

"Huyu Mmatumbi ametuvunjia reli! Mfungeni, aende bomani kwa Wajerumani."

Siku zile, aliyepelekwa bomani kwa shutuma kama hiyo hakurudi. Zamda aliitazama kamba ikikaza mikono ya Mshamu.

"Si yeye, Bwana. Ni mimi."

"Nyamaza, mtoto! Unamtetea tu."

Zamda alichukua kijiti, akafukua majivu mdomoni mwa tanuri. Ukatoka msumari mmoja wa reli, mweusi tii. Wa pili. Wa tatu. Wa nne.

Mwinyimvua aliitazama misumari, akatazama pengo la reli, kisha akavuta pumzi. "Mfungueni. Na wewe binti, kesho utaleta mataruma mapya."

Kesho yake Zamda na mama walikokota miti migumu ya mkoko, jasho likiwatiririka. Mshamu alikuja na shoka bila kuitwa.

"Baba Mshamu, nisamehe," Zamda alisema.

"Nilikusamehe jana, ulipofungua mdomo." Alimwonyesha alama za kamba mikononi. "Ila kumbuka, mwanangu: kosa lisiposemwa na mwenyewe, hutafuta mtu mwingine wa kulibeba."

Mataruma yalipolazwa, akagonga msumari wa mwisho, akakisukuma kigari. Kikapita salama.