Kamba ya Juani

"Achia!"

"Achia wewe!"

Ndivyo walivyoanza hawa wawili, kila mmoja kashika pindo lake, katikati ya soko la vitambaa ambamo siku hiyo watu walikuwa wanapita kwa kusukumana mabega. Kilichogombewa ni kipande cha mwisho cha pamba nzito, laini, cha buluu chenye nyota za njano, kama kile wanachoshonea nguo za watoto wachanga.

Mwanamke alikuwa msusi. Gauni la kijani lilimkaa vizuri kiunoni, na nywele zake mwenyewe hazikuwa zimesukwa. Wasusi ndivyo walivyo. Mwanamume alikuwa fundi wa sola, ovaroli imepauka, uso umeiva kwa kushinda juu ya mapaa ya watu.

"Mtoto wako atapata kingine," fundi akasema.

"Nani kakwambia nina mtoto? Wewe wa kwako yuko wapi?"

"Mimi nafutia paneli. Kitambaa kigumu kinakwaruza kioo."

Msusi akacheka mpaka akaachia. "Nyota zote hizi ziende kufuta vumbi? Huna huruma!"

"Na za kwako zinakwenda wapi?"

"Nyumbani," akajibu, akatazama pembeni.

Muuzaji aliyekwisha kuchoka nao akakata kipande katikati. Kabla hawajatoka sokoni walikuwa wamepeana namba za simu.

Jamani, wakapendana! Msusi akawa Nyota, fundi akawa Fundi Jua. Simu zililia kutoka juu ya mabati.

"Nyota, jua linanichoma huku, nimekukumbuka."

"Kumbe mimi ni wa kuchoma?"

"Wewe ni kivuli changu."

"Shuka basi, usije ukaanguka na maneno matamu mdomoni."

Lakini jambo moja Nyota hakumwambia. Nusu yake ya kitambaa alikuwa ameishonea pedi za kufua. Za dukani zilimchubua, maana kutwa yuko wima akisuka. Kikombe cha hedhi kilisifiwa sana, ila kinataka kuchemshwa, na jiko la pale kwao lilikuwa la wapangaji wote. Nani akichemshe majirani wakichungulia sufuria? Akachagua kitambaa. Kufua alijua: maji baridi kwanza, kisha sabuni, kisha kusuuza mpaka maji yatoke meupe. Kilichomshinda ni kuanika. "Kamba yangu ni ya mashuka," mama mwenye nyumba alikuwa amesema mbele za watu, "si ya mambo yenu ya ndani." Basi akaanika nyuma ya mlango, chini ya taulo, na huko pedi zilikawia na unyevu wake. Alikuwa ameanza kuwashwa, akanyamaza nalo.

Siku moja Fundi Jua alikuja kumtengenezea soketi iliyoungua. Nyota akatoka kununua soda. Fundi alipomaliza, mikono myeusi kwa masizi, akatafuta cha kujifutia. Akainua taulo nyuma ya mlango, na chini yake akaona nyota za njano anazozijua. Kitambaa chetu! Akafuta mikono yote miwili kwa moyo mkunjufu.

Mlango ukafunguliwa.

"Mpenzi, hiki mbona kibichi? Na vifungo umekitilia vya nini?"

Soda ikaanguka.

"Toka."

"Nimefanya nini tena?"

"Toka, nakuomba!"

Akatoka na masizi yake. Nyota akajifungia, akalia kwa aibu. Pedi ilikuwa safi, lakini moyoni alijiambia: akijua ni nini, atanionea kinyaa, na harudi tena. Simu ikalia, akakata. Ukaja ujumbe: *Nitakununulia kitambaa kingine, hata robota zima.* Akaona anachekwa. Akazima simu.

Fundi akaenda kwa dada yake, akamkuta anamenya vitunguu.

"Dada, nimeachwa kwa sababu ya tambara."

"Tambara gani?"

"La nyota. Lina mabawa mawili pembeni, na vifungo."

Dada akaweka kisu chini, akacheka hadi akajishika mbavu. "Pedi hiyo, we mjinga! Ulilitoa wapi?"

"Nyuma ya mlango, chini ya taulo. Bichi."

Kicheko kikakatika. "Ile inataka jua, mdogo wangu. Ikikaa na unyevu inamdhuru. Mwenzio anaumia kimyakimya, wewe unalia na tambara."

Kutwa Fundi aliwauliza watu jua linapiga wapi kwenye nyumba zao. Kwa Nyota hakuwahi kuuliza, na hilo lilimuuma kweli.

Siku chache baadaye Nyota akawasha simu, ikalia hapo hapo.

"Usikate. Najua ilikuwa nini."

"Basi umejua. Kwaheri."

"Mwenye aibu ni mimi, niliyefutia masizi kitu chako safi. Niko getini."

Nyota akatoka macho yamevimba. Fundi alikuwa amevaa shati jeupe, mkononi kijiboksi cha famasi.

"Kikombe cha hedhi," akasema. "Waliniuliza saizi, nikasema ya kati."

Nyota akacheka huku machozi yanamtoka. "Hiki hakinunuliwi kama soksi, mpenzi. Mwenyewe ndiye achague."

"Basi niambie unachotaka."

"Nazipenda zangu. Sina pa kuanika tu."

"Ndicho kilichonileta. Nimepata vyumba viwili, juu kuna paa tambarare. Nimeshinda pale kutwa nikilifuata jua, na kamba nimeifunga mahali lisipopotea. Ni ndefu mno kwa mtu mmoja. Nyota, uwe mke wangu."

"Na majirani wakiziona?"

"Wataona zimekauka."

Nyota akamkumbatia pale pale getini, mama mwenye nyumba akiwatazama dirishani.

Mwezi wa kwanza wa ndoa yao, Nyota alipanda paani na beseni la pedi, na taulo begani. Mumewe alikuwa anamsubiri, vibanio vya nguo mdomoni. Alipoona mkewe anataka kuzifunika, akalichukua taulo taratibu, akaenda kulibana peke yake mwisho wa kamba.

"Nipe ile yangu," akasema.

Nyota akampa. Pembeni mwa nyota moja alama ya kidole gumba ilikuwa bado ipo, nyeusi. Imefuliwa na haikutoka. Mumewe akaibana katikati ya kamba, juani, wakasimama wakiitazama inakauka.