Herufi Mbili Zilizoninyima Marahaba

Nina miaka arobaini na saba, watoto watatu, mume mmoja mpole, na kibanda cha vitunguu saumu hapa Dongobesh. Sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza niliyotajiwa. Hata jeneza la mama mkwe nililipunguzia bei, Mungu anisamehe. Na kila kitu nahesabu mara mbili. Nawaambia mapema ili mjue kwamba mimi si mjinga... Mjinga angeumia kidogo kuliko nilivyoumia mimi.

Kwetu ni Tlawi. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na kaka yangu mkubwa, Boay, akaacha shule ili mimi nisome. Ndiye aliyenifundisha kulima saumu, kuikausha na kuifunga mafungu. Hadi leo nikimwona nasimama, nasema shikamoo kaka, naye anajibu marahaba kwa sauti ya kuvuta, kama mtu anayefungua mlango mzito. Sikujua kama neno hilo lina thamani... mpaka aliponinyima!

Mwaka ule Boay alivuna magunia kumi na tisa. Alikuwa amepandisha nyumba ya matofali, kuta zote zimesimama, paa halipo. Saumu ile ndiyo ilikuwa paa. Walanguzi wakaja na lori mpaka shambani wakataja bei ya dharau. Mimi ndiye niliyemwambia awakatalie!

Nilimwambia kaka, zama zimebadilika. Siku hizi mwenye hoteli Arusha au Dodoma anaandika kwenye simu "vitunguu saumu Manyara", anaona jina lako, anapiga. Nitafungua tovuti, nikamwambia, na wanunuzi watakufuata wenyewe. Akasema, "Sawa. Wewe ndiye niliyekusomesha." Magunia yote kumi na tisa yakaja stoo kwangu.

Basi nikaenda kwa fundi wa tovuti mjini Mbulu, kijana mtanashati, viatu vyeupe kwenye udongo mwekundu. Akanieleza kwamba tovuti inahitaji vitu viwili: jina, na kompyuta ya kuihifadhi. Akapendekeza jina linaloishia na co.tz, na kompyuta iliyoko Dar es Salaam, ili wateja wa hapa nchini wanipate upesi. Akataja bei.

Nikacheka. Nikaomba maji ya kunywa. Nikanyanyuka mara mbili kama ninayeondoka... Mnajua jinsi tunavyofanya. Mwishowe akasema ipo nyingine, ya punguzo, jina na hifadhi pamoja, ila kompyuta yenyewe iko mbali, ng'ambo, na jina linaishia na "ma".

Wasomaji, hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Nilizitazama zile herufi mbili, moyo ukaruka kwa furaha. Nikauliza, "Ma... ya Manyara?"

Yule kijana aliinama akapangusa kiatu chake cheupe. Akasema, "Ndiyo hiyo hiyo, mama."

Mkoa wetu una herufi zake kwenye mtandao! Nani angekataa? Tena nikahesabu: co.tz ni herufi nne, ma ni mbili. Nilihesabu mara mbili, zikabaki mbili. Nikaona nimepata kitu kifupi, cha nyumbani, kwa bei ya kutupa. Nikaandikisha anwani kwenye kibao cha kibanda na kwenye kila gunia. Nilitembea Dongobesh nzima kama bibi harusi.

Wiki zikapita... Simu kimya.

Kila asubuhi nilifungua tovuti kuona kama bado ipo. Ilikuwepo, ila ilifunguka taratibu mno. Ningeweza kumenya kichwa kizima cha saumu kabla picha ya kwanza haijatokea. Lakini nilikuwa naifungua kwa kuandika anwani yenyewe, na bila shaka ilifunguka! Ni sawa na mtu kujibishia hodi nyumbani kwake, halafu akashangilia kwamba amepata mgeni. Kuandika "vitunguu saumu Manyara" kama mteja asiyenijua, nione kama natokea? Sikufanya hata mara moja. Mimi, wa kuhesabu mara mbili!

Boay akawa anauliza kwa upole. Nikamwambia subira, kaka. Walanguzi wakarudi, nikawafukuza tena kwa kejeli.

Kisha ujumbe ukaingia! Wa kwanza kabisa. Umeandikwa Kiarabu.

Nikakimbia kwa jirani yangu Bi Zuhura, muuza vitenge, mwanamke aliyesoma madrasa. Akavaa miwani, akausoma kwa sauti nzuri ya kupanda na kushuka, nami nikatikisa kichwa kama ninayeelewa. Nilipomuuliza maana yake akasema, "Mwenzangu, mimi nasoma, maana siijui. Ni kama wewe na Kilatini chenu cha kanisani." Akaupitisha kwenye tafsiri ya simu. Tukaona mtu anaulizia duka langu liko mtaa gani hapo Kasablanka.

Bi Zuhura alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaiona anwani kwenye gunia, na kicheko kikakatika. Yeye huagiza vitenge kwa mtandao, vitu hivi anavijua. Akanieleza taratibu kwamba mwisho wa anwani ni kama namba ya gari. Tz ni ya Tanzania. Ma ni ya Moroko. "Umeweka kibao cha Moroko mlangoni," akasema, "sasa mtandao uwalete watu wa Singida wa nini?"

Nilikaa chini. Pale pale, juu ya saumu ya kaka yangu.

Wiki hiyo hiyo lori likasimama mbele ya kibanda, dereva akitaka maji ya rejeta. Limejaa saumu! Mwenye mzigo alikuwa mtu wa Dodoma. Nikamuuliza kaipata wapi. Akasema alitafuta kwenye simu, akatokea mfanyabiashara mmoja wa Katesh, akamfuata, naye akamleta mashamba ya huku kupakia. Nikaomba kuiona hiyo tovuti. Ilifunguka kabla sijapepesa macho. Inaishia na co.tz. Chini kabisa, jina la fundi... yule yule wa viatu vyeupe! Na picha ya kwanza ni ya mikono ya Boay ikifunga mafungu. Niliipiga mimi mwenyewe, nikampa aiweke kwenye tovuti yangu!

Nilienda Mbulu kwa fundi. Hakukana. Akasema, "Mama, yule wa Katesh hakubishana bei. Alipewa kilichomfaa."

Nikamuuliza, na Manyara je?

"Wewe ndiye uliyesema Manyara. Mimi niliitikia tu."

Eti niliitikia tu! Je, kuna uongo mwepesi kuliko huo? Picha aliitoa, lakini neno lile nimelala nalo na kuamka nalo. Kinachouma zaidi ni kwamba bei niliishusha mwenyewe. Kila nilipopunguza, nilikuwa nang'oa bati moja kwenye nyumba ya kaka yangu.

Nikafungua tovuti mpya, ya co.tz, hifadhi ya hapa hapa nchini, jina la Tlawi na Dongobesh limeandikwa waziwazi. Nililipa bei ya kwanza. Lakini mtandao nao huchukua muda kumjua mgeni, na saumu haisubiri. Mvua zikaanza. Stoo ikapata unyevu, mafungu yakachipua majani mabichi, mengine yakawa laini. Kilichofaa kurudishwa shambani kama mbegu ni magunia manne. Kumi na tano yalikwisha.

Nilimpelekea habari mwenyewe. Nilimkuta amesimama ndani ya nyumba yake isiyo na paa, mvua inamnyeshea. Nikasema shikamoo kaka. Akanitazama... hakuitikia. Wifi yangu aligeuka ukutani kuficha machozi.

Tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya ibada nilimsubiri kwenye geti la kanisa huko Tlawi. Shikamoo kaka. Kimya. Jumapili ishirini na sita. Nimehesabu mara mbili.

Kisha msimu mwingine ukafika, na yale magunia manne ya mbegu yakazaa. Mama mmoja mwenye hoteli Singida akapiga simu, kanipata kwa kutafuta tu. Anataka magunia matatu. Nilipanda Tlawi siku hiyo hiyo, nikasimama mbali kidogo na mlango. Shikamoo kaka.

Alitoka akasimama kizingitini. Halafu, bila kuvuta sauti, "Marahaba. Umekuja na mizani?"

Mizani! Zamani nilichukua saumu yake kwa neno tu. Sasa ananipimia kilo kwa kilo, kama mlanguzi. Na mimi bei aliyoitaja niliikubali, sikuomba hata maji ya kunywa.

Ndugu zangu mnaosoma, punguzeni bei ya ndoo, punguzeni bei ya kanga. Lakini kitu usichokijua usikibishanie mpaka umejua unachopunguza ni nini. Ukifungua tovuti ya wateja wa hapa, uliza herufi za mwisho ni za nchi gani na kompyuta yake iko wapi. Kisha muulize na mtu wa pili, asiyekuuzia. Msipite nilikopita... Nimechoka.

Bati sita zimepanda kwenye ile nyumba. Nilizihesabu kutoka barabarani, mara mbili. Ndani sijakaribishwa bado.