Zulia Lisilokanyagwa

Jumatatu. Saa tisa alasiri.

Chumba cha nyuma cha karakana ya Lencho Xicay kilinuka msonobari na rangi. Ukutani yalipangwa magunia ya vumbi la mbao: zambarau, njano, nyekundu, kijani. Wiki hiyo mji mzima wa Antigua ulihitaji vumbi la rangi kwa mazulia yanayochorwa barabarani kwa ajili ya maandamano ya Ijumaa Kuu. Watu waliingia na kutoka kwa Lencho tangu alfajiri. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuwaona majambazi nao wakiingia.

Walikuwa watatu. Lencho mwenyewe, seremala, mnene, mcha Mungu, mwoga. Beto Ralda, mvunja makufuli, kovu shavuni, meno mawili ya dhahabu, bastola kiunoni. Na Chabela Xicay, binamu yake Lencho, miaka hamsini na minne, nywele nyeupe zote. Alizipata gerezani.

Chabela alimwaga vumbi la njano mezani. Akachora kwa kidole.

"Hoteli ya don Fulgencio Echeverz. Vyumba tisa kuzunguka ua. Chemchemi katikati. Mlango mmoja, wa mbele. Ukuta wa nyuma una vipande vya chupa."

"Tunaingiaje?" Beto aliuliza.

"Kwa mlango. Kama wageni. Wewe utapanga chumba cha nane. Kesho mpaka Ijumaa."

"Kwa sura hii?"

"Utavaa kanzu ya padre."

Lencho alifanya ishara ya msalaba. Beto alicheka mpaka dhahabu ikaonekana.

"Mama, mimi nifanane na padre?"

"Padre mwenye sura mbaya ndiye anayeaminiwa. Watu hudhani ametubu mengi."

Mzigo ulikuwa mkufu. Shanga kumi na tatu za jiwe la kijani, moja imepasuka na kufungwa waya wa fedha. Mkufu wa sanamu ya Bikira wa Huzuni, wa kanisa la mtaani kwao. Miaka sita nyuma don Fulgencio alipewa auhifadhi kwenye sanduku lake la chuma mpaka siku ya maandamano. Ulipotea. Don Fulgencio alinyoosha kidole, na kidole kiliishia kwa Chabela, aliyefagia hoteli hiyo miaka kumi na tisa. Alifungwa miaka mitano. Mwaka wa tatu mama yake alifariki. Majirani waliombwa kubeba jeneza. Doña Amparo, bibi wa nyumba ya pili, alisema bega linamuuma. Mabega yote ya mtaa yakaanza kuuma siku hiyo hiyo. Mama wa mwizi wa Bikira alibebwa na watu wanne, na mmoja wao alikuwa Lencho.

"Una hakika bado anao?" Beto aliuliza.

"Hauuziki. Kila mtu anaujua. Na tangu wiki ile hajampangisha mtu chumba cha tisa. Anasema paa linavuja. Nimefagia chumba kile miaka kumi na tisa, Beto. Hakijavuja hata chozi."

"Umefichwa wapi?"

"Bafuni. Niliingia kufagia siku moja kabla ya kukamatwa. Vigae vya ukutani vina maua, na maua yote yanatazama juu. Kimoja kilikuwa kinatazama chini. Nilidhani ni fundi mlevi. Gerezani nikapata muda wa kufikiri."

"Ungewaambia polisi."

"Mwizi akimshtaki tajiri, polisi huandika jina la nani?"

Beto alikuna kovu lake. Alilijua jibu, lilikuwa jina lake.

Makubaliano yalikuwa rahisi. Beto alikuwa na mnunuzi jijini. Wangegawana sehemu tatu. Walipeana mikono juu ya vumbi, na mikono yote ikageuka njano.

Chabela alipotoka, Beto alimgeukia Lencho.

"Sehemu mbili ni kubwa kuliko tatu."

"Ni binamu yangu."

"Ndiyo maana hatutampiga. Tutamwacha tu."

Lencho aliangalia magunia yake. Kisha akakubali kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani.

Alhamisi. Saa kumi alasiri.

Beto alikuwa amelala hotelini siku mbili, na hoteli ilikuwa imeanza kumharibu. Shuka zilinuka machungwa. Asubuhi aliletewa maharage meusi, ndizi za kukaanga na chokoleti ya moto, akala chini ya mchungwa huku chemchemi ikimwimbia. Hakuna aliyemwita mbwa. Wageni walimwomba baraka. Alibariki bibi harusi mmoja, mtoto mwenye surua, na hata baiskeli.

Don Fulgencio alipita na fimbo yake ya kichwa cha fedha. Mzee mrefu, masharubu yamepakwa mafuta.

"Padre, umeridhika na chumba?"

"Kabisa, mwanangu. Ila usiku nasikia kama maji chumba cha jirani."

"Paa, padre. Linavuja."

"Na mvua haijanyesha tangu Novemba. Makuu ni matendo ya Bwana."

Don Fulgencio alitabasamu kwa masharubu tu. Mkono wake uligusa ufunguo uliokuwa shingoni.

Ijumaa Kuu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Nje ya mlango wa hoteli watu walikuwa magotini. Vijakazi, wapishi, majirani, hata wageni wawili wenye ngozi iliyoungua jua. Zulia lilianza kuota barabarani: mita kumi za vumbi la zambarau, pembeni majani ya msonobari, katikati picha ya Bikira. Walifanya kazi wakiwa wamelala juu ya mbao ndefu zilizowekwa kama madaraja, ili mtu asikanyage. Zulia hukanyagwa na maandamano tu. Mtoto wa Antigua hujua hilo kabla hajajua jina lake.

Mwanamke mmoja mwenye shela nyeusi usoni aliomba chekeche na nafasi kwenye ubao wa katikati. Mpishi mkuu alimtazama mikono. Akaijua. Akampa chekeche bila neno.

Don Fulgencio alipita futi mbili kutoka kwake. Hakumtambua. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumtazama usoni.

Saa mbili na dakika tano.

Beto nusura aharibu dili lote kwa soseji.

"Niletee na soseji mbili," alimwambia kijakazi.

Kijiko kilianguka. Ua lote liligeuka. Padre, nyama, Ijumaa Kuu.

Jasho lilimtoka Beto chini ya kanzu. Mkono ukaenda kiunoni, ukakumbuka, ukarudi kifuani.

"Nakujaribu, binti," alisema kwa huzuni kubwa. "Na umeshinda. Niletee mkate mkavu."

Saa tatu na dakika arobaini.

Hoteli ilikuwa tupu. Wote walikuwa nje kwenye zulia. Don Fulgencio alikuwa juu akivaa suti nyeusi. Beto alipinda waya mara tatu. Kufuli la chumba cha tisa lilifunguka.

Ndani palinuka vumbi kavu. Ndoo ilikaa katikati ya sakafu, tupu, ikijifanya ina kazi. Bafuni, safu ya nne, ua lilikuwa limesimama kwa kichwa. Patasi. Pigo moja. Pigo la pili. Kigae kikatoka kizima. Tundu. Kitambaa cha hariri. Shanga kumi na tatu, baridi kama macho ya samaki.

Dakika nne. Alirudisha kigae. Safari hii alikiweka sawasawa. Beto alikuwa jambazi, si mchafu.

Uani, kando ya chemchemi, lilikuwepo gunia la mwisho la vumbi la kijani la Lencho. Aliuzamisha mkufu ndani mpaka kiwiko.

Saa nne kasoro dakika tano.

Mpango: Lencho abebe gunia, atoke nalo, apinde kona, alipakie kwenye pikapu, Chabela akiwangoja hapo. Beto amfuate. Mpango wa siri: waondoke bila Chabela.

Lencho alitokea mlangoni na gunia begani. Jua lilimpiga usoni. Akapiga hatua mbili.

"Kijani!" sauti ililia kutoka kwenye ubao. "Kijani kimekwisha! Leteni kijani!"

Vichwa thelathini viligeuka. Na huyo hapo, muuza vumbi la mbao, na gunia la kijani begani, analiondoa kwenye zulia ambalo halijakamilika. Siku ya Ijumaa Kuu.

"Unalipeleka wapi, Lencho?" aliuliza doña Amparo, mikono kiunoni.

"Mimi... nilikuwa..."

"Lete hapa, bwege!"

Wanawake wawili walilishusha begani mwake. Gunia lilisafiri mkono kwa mkono juu ya zambarau, likafika kwa mwenye shela. Lencho aliona mikono ile ikichota vumbi, ikitia kwenye chekeche, ikitikisa. Kijani kilinyesha taratibu. Kilichobaki kwenye chekeche hakikupita.

"Dada Chabela," alinong'ona. "Usifanye hivyo."

Chabela hakugeuka. Alizipanga shanga shingoni mwa Bikira wa vumbi, moja baada ya nyingine, ile ya waya wa fedha katikati. Akafunika kwa petali nyeupe. Kisha akarudi nyuma kwa magoti mpaka ukingoni, na wanaume wakauvuta ubao.

Zulia likafungwa. Hakuna daraja tena.

Saa nne na nusu.

Beto alikuja mbio, kanzu imemkwama miguuni.

"Mzigo uko wapi?"

Lencho alionyesha kwa kidevu. Mita tatu kutoka kwao. Upepo mdogo uliotoka upande wa volkano iliyouinamia mji ulizipuliza petali. Kijani kikang'aa.

"Uchukue," Beto alisema.

"Siwezi."

"Hatua tatu tu, we fala!"

"Bora unipige risasi. Nikanyage zulia? Mama yangu atafufuka anizabe."

Beto alitukana kimya kimya. Aliinua mguu. Kiatu cheusi kilining'inia juu ya zambarau.

"Padre!" bibi mmoja alipiga yowe. "Zulia!"

Watu mia nne waliokwisha kujaa mtaani walimtazama. Beto alikuwa amewahi kuvunja benki mbili na taya kadhaa. Alikuwa pia amezaliwa mtaa wa tatu kutoka pale. Mguu ulirudi chini wenyewe.

"Binamu yako huyu," alimwambia Lencho akisaga meno, "ametuchoma."

Chabela alisimama karibu yao, shela usoni. Alimsikia.

"Nyinyi mlitaka kuniacha kwenye kona, Lencho," alisema taratibu. "Tangu Jumatatu hujaniangalia machoni. Ulibeba jeneza la mama. Kwa hilo tu nakusamehe. Kaa kimya sasa."

Saa nne na dakika hamsini.

Ngoma. Tarumbeta. Ubani ukapinda kona kabla ya watu. Don Fulgencio alitoka mlangoni, kifua mbele, kuyapokea maandamano kama kila mwaka.

"Angalia shingo ya Bikira," doña Amparo alimwambia mwenzake. "Si kama ule mkufu wetu? Hata waya ule..."

Don Fulgencio alitazama.

Mwenye akili timamu angepiga magoti na kulia, muujiza, muujiza! Wangemshangilia. Chabela alilijua hilo. Alijua pia kwamba sarafu ikianguka katika ua ule, kiatu cha don Fulgencio huifunika kabla mdomo wake haujauliza ni ya nani. Alikuwa ameliona hilo kwa miaka kumi na tisa akiwa magotini na kitambaa cha deki.

Don Fulgencio alikanyaga zulia.

Hatua moja. Muziki wa mbele ulikatika. Hatua ya pili, ya tatu. Aliinama, akaunyakua mkufu, akausukuma ndani ya koti. Vumbi la zambarau lilimpanda mpaka magotini. Alipogeuka aliona mtaa mzima umesimama na midomo wazi.

Naye, badala ya kufikiri, akafoka.

"Nani kafungua chumba cha tisa?"

Hata ubani ulisimama.

Chabela alifunua shela.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakifagia, don Fulgencio. Unanikumbuka? Nitazame usoni. Nitazame mara moja tu."

Alimtazama. Masharubu yalilegea.

Mzee wa kanisa, aliyeutunza mkufu ule maisha yake yote, alitembea kando ya zulia, hakulikanyaga, akanyoosha mkono. Don Fulgencio alijaribu kukimbilia mlangoni. Wapishi wake walikuwa wameufunga kutoka nje na kuuegemea. Polisi wawili walimshika. Fimbo yake ya kichwa cha fedha ilibaki juu ya zulia, na hakuna aliyeifuata.

"Ushahidi huu ashike nani?" afisa aliuliza, akiutoa mkufu kotini mwa don Fulgencio kama kaa la moto. Mzee wa kanisa alikuwa amepiga magoti akilia; afisa akatazama huku na huku akitafuta mikono safi. "Padre! Tafadhali. Uubebe wewe mpaka kanisani."

Hivyo ndivyo Beto Ralda alivyoupata mzigo. Shanga zote kumi na tatu, mkononi mwake, mchana kweupe. Polisi kulia, polisi kushoto, kundi la watu nyuma yake likiimba. Alitembea mitaa kumi na miwili kwa mwendo wa kobe. Kwa mara ya kwanza maishani alifikisha mali ya wizi kwa mwenyewe. Wanasema alilia. Wanasema ilikuwa imani.

Saa tano na robo.

Maandamano yalianza tena. Jukwaa la Bikira lilifika mbele ya hoteli, likibebwa mabegani na wanawake arobaini waliovaa nguo nyeusi tii. Lilipita juu ya zulia, na nyayo za don Fulgencio zikafutika pamoja na maua.

Doña Amparo alikuwa ameingia zamu, wa tatu upande wa kushoto. Alipomfikia Chabela alichepuka kidogo, akaacha nafasi chini ya mbao. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Chabela, mwenzangu. Ingia. Chukua zamu yangu."

Chabela aliitazama ile nafasi. Kisha akamtazama doña Amparo, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka begani, na hapo begani akasimama.

"Kumbe limepona," alisema.

Akarudisha shela usoni, akaenda zake makaburini, peke yake, kumwambia mama.