Umeme, Ngongoti na Vidonge vya Mafua

Mama alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, penye mwanga. Shule zilipokaribia kufunguliwa, nyumba nzima iligeuka bluu. Marinda ya bluu kwenye viti, kola za bluu mezani, vipande vya uzi wa bluu hadi kwenye chai. Wateja walimwita Fundi. Lakini zamani, kabla ya ndoa na kabla ya magoti kuanza kulia, aliitwa Umeme.

Alikuwa mkimbiaji wa mita mia nane. Alikimbia kwenye uwanja wa nyasi, miguu mitupu, sketi ya shule imekunjwa kiunoni. Mteja akija tu kupunguza suruali, lazima asimuliwe.

"Enzi zetu mistari ya uwanja ilichorwa kwa majivu," Mama husema, pini amezibana mdomoni. "Mvua ikinyesha, mistari imekwenda na maji. Unakimbia kwa kukisia!"

Kisha hucheka peke yake, na cherehani huendelea kulia.

Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alirithi miguu ile. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea upimaji wa ardhi. Alikuwa pia katika timu ya riadha ya chuo. Chuo hakikuwa mbali, kwa hiyo wiki za mashindano alikuja kulala nyumbani. Alisema bwenini wenzake hawalali, wanapokezana tu kuongea.

Wiki hiyo ilikuwa ya mchujo. Jumamosi wanariadha wa vyuo wangeshindana, na watatu wa kwanza wangeingia katika timu ya pamoja ya vyuo vyote. Mama naye aliwahi kufika kwenye mchujo kama huo alipokuwa msichana. Alikosa nafasi kwa upana wa bega tu. Wasichana wawili walimtangulia, na mwaka ule walitakiwa wawili. Jambo hilo halikumtoka moyoni.

Alhamisi jioni Kitinda alirudi nyumbani pua imeziba na macho yanachuruzika.

"Mama, nimekwisha," alisema kwa sauti ya puani.

"Hujaisha hata robo," Mama akajibu. Alifungua kabati, akatoa pakiti ya vidonge vya mafua. "Meza viwili sasa, na viwili asubuhi. Ndivyo nilivyowalea nyote."

Kitinda aliigeuza pakiti mkononi. "Chuoni wametuambia tuulize kwanza kabla ya kumeza dawa yoyote."

"Uulize nini? Mafua nayo yanahitaji mkutano? Meza, mwanangu, ulale."

Kitinda alimeza. Pua ilikuwa imeziba, na aliyempa ni mama yake. Asubuhi alimeza tena, akaondoka akiwa anapumua vizuri.

Ijumaa mchana simu ya Mama ililia.

"Mama, kesho sikimbii."

Mguu wa Mama uliganda juu ya kanyagio la cherehani. "Umeumia?"

"Hapana. Ni vile vidonge. Muuguzi wa michezo ametuuliza mmoja mmoja tumetumia dawa gani wiki hii. Nikamwambia. Amenishauri nijitoe."

"Kwa ajili ya mafua? Si ungenyamaza! Nani angejua?"

"Wangejua wakinipima, Mama."

Mama hakutaka kusikia zaidi. Alivaa kandambili, akachukua pakiti ya vidonge, akatoka na futi ya kupimia nguo ikiwa bado inaning'inia shingoni. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Huyo muuguzi atamtambua leo.

Chumba cha huduma ya wanamichezo kilikuwa nyuma ya jukwaa la uwanja. Kilinuka dawa ya kuchua misuli. Ndani mlikuwa na kitanda chembamba, mzani, na sanduku la barafu. Mwanamke mrefu alikuwa amempa mgongo, anakunja bendeji.

"Wewe ndiye uliyemzuia mwanangu kukimbia?" Mama aliuliza toka mlangoni, bila hata hodi.

"Ndiyo mimi, mama. Karibu uk..." Yule mwanamke aligeuka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Umeme?"

Mama alimkazia macho. Nywele zilikuwa zimeingia mvi na mgongo umeinama kidogo. Lakini miguu ile mirefu kama miti ya kutembelea juu ilikuwa ya mtu mmoja tu.

"Ngongoti!"

Walikumbatiana mpaka futi ikakwama kwenye kitambulisho cha muuguzi. Maneno yote yaliyopangwa njiani yakayeyuka. Walianza kusema kwa pamoja, kila mmoja akimkata mwenzake.

"Vile viatu vya misumari, unakumbuka? Jozi moja, timu nzima!"

"Mimi vilinibana, wewe ukavijaza magazeti."

"Na kocha, filimbi yake ameitunga kwenye kamba ya kiatu!"

"Na ulivyonipiga kumbo kwenye kona, Umeme. Goti hili hapa bado lina alama."

"Sikukupiga kumbo. Wewe ulichukua uwanja mzima na miguu yako."

Walicheka mpaka machozi. Mama alijifuta kwa kiganja. "Basi, yamekwisha," alisema. "Kumbe sisi ni ndugu. Mwache mtoto akimbie kesho."

Ngongoti aliacha kucheka. Alivuta kiti, akamkaribisha Mama juu ya kitanda.

"Nipe hiyo pakiti," alisema. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. "Unaona jina hili? Hii ni dawa ya kuzibua pua. Pia huchangamsha moyo. Siku ya mazoezi haina kesi. Siku ya mashindano imekatazwa kuonekana mwilini kupita kiwango. Kwa mtu mmoja hutoka upesi, kwa mwingine hukawia. Siwezi kukuahidi kwamba kesho itakuwa imemtoka binti yako."

"Lakini niliyempa ni mimi. Nitakuja mbele yao niseme."

"Utakuja, watakupa kiti, watakusikiliza. Na bado anaweza kufungiwa. Sheria inasema mwanamichezo mwenyewe anawajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake. Awe amepewa na kocha, na rafiki, au na mama yake mzazi."

"Na kama hawatampima?"

"Huwezi kujua. Washindi hupimwa, na wengine huchaguliwa kwa kura. Wanaweza kuja hata siku ya mazoezi, bila taarifa. Na ukikataa kupimwa, au ukikimbia, unaadhibiwa kama mtu aliyekutwa na dawa."

Mama alikunja uso. "Kwa hiyo mwanamichezo haruhusiwi kuugua?"

"Anaruhusiwa, shoga yangu, tena augue vizuri!" Ngongoti alicheka kidogo. "Ila aje aniulize kabla ya kumeza. Kuna dawa nyingine za mafua ambazo hazina shida. Kuna kijana hapa ana kisukari, anajidunga dawa kila siku. Daktari wake aliandika, tukaomba kibali mapema, na anakimbia kama kawaida. Kinachowaponza wengi ni kumeza leo na kuuliza kesho. Wengine hununua unga wa kujenga misuli kule kwenye kumbi za mazoezi. Kopo linasema hivi, ndani mna vingine. Huo siwaruhusu hata kuuonja."

Mama alitazama nje ya dirisha. Vijana walikuwa wanachora mistari ya uwanja kwa chokaa, kwa gari dogo la kusukuma.

"Enzi zetu hapakuwa na mambo haya," alisema. "Tulikimbia tu. Hakuna kupimana, hakuna kushukiana. Ilikuwa raha, Ngongoti."

"Ilikuwa raha," Ngongoti alikubali. Kisha akauliza polepole, "Unamkumbuka Kipepeo?"

Nani angemsahau Kipepeo? Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi, anaimba hata wakati wa kujinyoosha kabla ya mbio. Yeye na Ngongoti ndio waliomtangulia Mama siku ile ya mchujo. Baadaye alichukuliwa na klabu kubwa, akapotea. Watu walisema ameolewa mbali. Miaka yote hiyo Mama alimwonea wivu. Kila aliposhona gauni la harusi alimfikiria, yuko mahali fulani ndani ya nyumba nzuri, anaimba.

"Hakuolewa," alisema Ngongoti. "Kocha wa ile klabu alikuwa akimdunga sindano. Alimwambia ni vitamini. Mbio ziliongezeka kweli. Kisha sauti ikawa nzito, akaota ndevu, akaona aibu, akawa anajificha ndani. Halafu moyo ukaanza kuvimba. Aliletwa katika wodi niliyokuwa nafanya kazi, nikiwa bado muuguzi mpya. Sikumtambua, Umeme. Nilimtambua aliponiita Ngongoti."

Mama alishika shavu. "Akapona?"

Ngongoti alitikisa kichwa. "Daktari alimuuliza alikuwa anadungwa nini. Hakujua. Hakuwahi kuuliza, na hakuna mtu aliyewahi kumpima. Angepimwa mara moja tu, labda mtu angeshtuka mapema. Ndiyo sababu niliiomba kazi hii."

Mama aliisikia tena sauti ya Kipepeo, nyembamba na safi, kwenye uwanja wa nyasi wenye mistari ya majivu. Alilia kidogo, bila sauti. Ngongoti alimpa bendeji moja ajifute, kwa kuwa hakuwa na kitambaa.

Mama alipotoka alimkuta Kitinda ameketi kwenye ngazi za jukwaa, ameinamisha kichwa. Alikaa karibu naye.

"Kesho tutakuja wote, tukae hapa tutazame," alisema.

Kitinda aliinua macho. "Umekubali?"

"Wewe ulikubali kabla yangu. Mimi nimechelewa tu kufika."

Hapo ndipo Kitinda alipolia. Alikuwa amejikaza tangu mchana. Mama alimwegemeza begani, akamwacha alie mpaka amalize.

Jumamosi ilikuwa ngumu. Msichana aliyeshika nafasi ya tatu alikimbia kwa mwendo ambao Kitinda angeuweza hata akiwa anapiga soga. Kitinda alipiga makofi, kisha akatazama viatu vyake. Mama alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka watu wakapungua.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika nyumbani. Mama aliandika namba ya simu ya Ngongoti kwa chaki ya kushonea, ndani ya mlango wa kabati la dawa. Hakuna aliyefungua kabati lile kwa ajili ya Kitinda kabla ya kupiga simu. Mama mwenyewe ndiye aliyezidi. Siku moja alipiga simu kuuliza habari za asali.

"Asali haina neno, Umeme," Ngongoti alimjibu.

"Na tangawizi?"

"Umeme, nina wagonjwa hapa."

Lakini hawakukata simu mpaka walipomaliza kuzungumzia mambo ya zamani. Ikawa desturi. Kila wiki walikumbushana kitu kimoja: wimbo wa Kipepeo, mvua ya siku fulani, wali ulioungua kambini.

Msimu uliofuata mchujo ulirudi. Na mafua nayo yakarudi, kana kwamba yamealikwa. Safari hii Kitinda alipiga simu kwanza. Ngongoti alimwambia dawa ya kutumia na ya kuepuka. Kitinda alijifukiza, akalala mapema, akapata nafuu.

Alikimbia vizuri. Kwenye kona ya mwisho alikuwa wa tano. Mama alisimama juu ya benchi, akapiga ukelele ambao wateja wake wasingeamini umetoka kwa Fundi. Kitinda alimaliza wa pili.

Kabla hajapata hata pumzi, mwanamke mmoja mwenye kizibao cha njano alimfuata. "Hongera. Umechaguliwa kupimwa. Tutakuwa pamoja mpaka tumalize. Unaweza kuchukua mtu wako wa kukusindikiza."

Moyo wa Mama ulipiga kwa nguvu. Kisha ukatulia wenyewe. Kitinda alimchukua kocha wake, wakaingia chumbani. Alitaja dawa ya mafua aliyotumia. Alichagua mwenyewe chombo kilichofungwa. Mkojo ungegawanywa katika chupa mbili, ili ukitokea ubishi, chupa ya pili ifunguliwe. Kila kitu kilikwenda sawa, isipokuwa mkojo wenyewe. Uligoma. Alikunywa maji, akasubiri, akanywa tena.

Nje, jukwaa lilikuwa limebaki tupu. Jua lilikuwa limelegea. Mama na Ngongoti walikuwa wamekaa, wamemaliza habari zote.

"Twende tukanyooshe miguu," alisema Ngongoti.

Walishuka uwanjani. Mama alivua viatu, akavishika mkononi. Walitembea bega kwa bega. Kisha Ngongoti akaongeza hatua kidogo. Mama akaongeza. Ngongoti akaongeza tena. Mwishowe wote wawili walikuwa wanakimbia, kama huko kulikuwa kukimbia, wakihema na kucheka, kila mmoja akimvuta mwenzake nguo asitangulie.

Mlango wa chumba cha vipimo ulifunguliwa. Kitinda alitoka, kazi imekwisha. Alisimama akashangaa.

"Mama! Mnafanya nini?"

Mama alishika kiuno, akatafuta pumzi.

"Tunangoja mkojo wako!"

Majibu yalitoka baada ya wiki kadhaa. Yalikuwa safi, na Kitinda akaenda na timu. Lakini jioni ile hakuna aliyeyajua bado, na hakuna aliyeyaogopa. Walirudi nyumbani watatu, polepole, Mama akichechemea katikati, akisisitiza kwamba ameshinda.