Mama Ngige Amekuja Kuona Mchezo

Jioni ile Nyaruai hakuwa na haja na mteja mwingine. Viazi vilivyobaki havikujaa hata debe, jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya Mlima Elgon, na nyumbani taa haikuwa na mafuta. Alifunika mafungu yake kwa gunia, akachukua chupa, akageuka kwenda dukani.

Ndipo alipomwona yule mwanamke.

Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kilemba cha bluu kichwani, anamkodolea macho. Mtu anayetaka viazi hatazami hivyo.

"Wewe ndio mama ya Ngige?"

Nyaruai aliikaza chupa mkononi. Karibu mwaka mzima hakuna aliyelitaja jina hilo mbele yake. Watu wa Kibomet walikuwa na adabu zao: wakimwona wanashusha sauti, wanauliza bei, wanakwenda zao. Adabu hiyo ilikuwa inamuua polepole, lakini angemwambia nani?

"Ni mimi. Na wewe?"

"Naitwa Roselyne. Nimetoka Bungoma. Mimi huuza njugu pale kwa uwanja ya chuo..." Mwanamke alikifunga upya kilemba. "Pale kijana yako alianguka."

Ngige alikuwa kitinda mimba wake. Alikuwa mrefu hata mlangoni kwao alijifunza kuinama kabla hajaota ndevu, na chuoni Kitale walimtia kwenye timu ya mpira wa kikapu siku ya kwanza tu walipomwona akipita. Kila timu ilipokwenda kucheza ugenini, basi la chuo lilikuwa na viti vya mashabiki. Na kila mara Ngige alimwambia mama yake, "Mami, si ukuje hata mara moja? Mara moja tu unione." Naye alikuwa na jibu lile lile: "Jumamosi ni siku ya soko. Hiyo mpira yako itatupikia?" Wakacheka, yakaisha. Mwaka uliopita, katika uwanja wa Bungoma, Ngige aliruka kudaka mpira, akashuka chini, hakuinuka tena. Daktari alisema ni moyo. Nyaruai siku hiyo aliuza viazi vyote.

"Mlimpitia?" Roselyne aliuliza.

"Kumpitia wapi? Tulimtoa mochari tukamleta nyumbani, tukamzika."

"Hiyo ni mwili, mama. Mimi nauliza yeye." Roselyne alisogea, sauti ikashuka. "Kwetu mtu akifia mbali, watu wake huenda pale alianguka. Wanamwambia, haya, amka, twende nyumbani. Ndio mnazika. Nyinyi mlipita tu."

Nyaruai alitaka kumwambia kwamba wao ni watu waliookoka, na pasta amekwisha kukemea mambo hayo. Lakini kulikuwa na jambo katika uso wa yule mwanamke, aibu ya mtu aliyeleta habari asizozitaka.

"Kila jioni nikifunga njugu naskia mpira," Roselyne alinong'ona. "Du... du... du... Naangalia, hakuna mtu. Halafu inanyamaza, na unajua tu kuna mtu amesimama. Anaangalia pale mashabiki wageni hukaa. Anangoja mtu, mama."

Chupa ilimponyoka Nyaruai, ikapasuka.

"Jumamosi ijayo kuna mechi," Roselyne alisema. "Kuja na basi ya chuo yao. Utamwona, wewe ni mama yake. Lakini skia... ile neno ya kwanza utamwambia, ndio atashika. Usimsalimie. Usimlilie. Mwambie twende nyumbani, basi. Ukikosea, hakuna ya pili."

*

Kocha Rotich alipomwona Nyaruai mlangoni mwa basi, alivua kofia. "Karibu, mama. Leo wewe ni shabiki wetu."

Kijana mmoja alinyanyuka akampa kiti cha dirishani, akamvisha fulana ya kijani ya mashabiki juu ya gauni lake. Alikuwa Festus Wabwile, aliyelala chumba kimoja na Ngige tangu siku ya kwanza chuoni. Nyaruai alikuwa amempikia mara nyingi na alijua anavyokula. Kijana alimwambia kwamba jezi namba tisa haijavaliwa na mtu tangu Ngige aondoke. Imekunjwa, kocha anayo mkobani, inasafiri nao kila mechi. Nyaruai alitazama nje, machozi yakamlenga, akajifanya anatazama mahindi ya watu.

Walipopita Webuye, Wabwile alinyoosha kidole. "Kwetu ni hapo Matulo. Mama yangu pia hajawahi niona nikicheza. Ati mambo ya kanisa, mambo ya shamba..."

"Mwambie aje," Nyaruai alisema kwa ukali uliowashtua wote wawili. "Mwambie mimi ndio nimesema. Aje."

*

Wenyeji walikuwa wamejaa uwanja mzima, wanapiga madebe na kuwacheka wageni. "Rudini Kitale mkapalilie mahindi!" Mashabiki wa kijani walikuwa wachache, wamebanana kwenye mabenchi mawili karibu na mstari wa mwisho. Nyaruai alikaa katikati yao, mikono mapajani, anarudia maneno yake kama mtoto anayekwenda kukariri mbele ya kanisa. Twende nyumbani. Twende nyumbani.

Kipindi cha kwanza hakuona kitu. Cha pili kikaanza, hakuna kitu. Akaanza kujicheka. Mama mtu mzima, ameacha soko, amemdanganya pasta, kwa maneno ya muuza njugu!

Kisha akasikia harufu.

Dawa ya kuchua.

Ile yenye kafuri, aliyokuwa akimpaka Ngige magotini usiku wa baridi. Ilikuja na harufu nyingine chini yake... ya udongo uliolowa.

Jua lilikuwa limelala, vivuli vya milingoti ya vikapu vimefika upande wa pili wa uwanja. Hapo, kwenye pembe ambayo hapakuwa na mchezaji, alikuwa amesimama.

Ngige.

Kaptura ile ile. Kamba ya kiatu cha kushoto imefunguka, kama kawaida yake. Vijana walikimbia wakipita karibu naye bila kumgusa. Yeye hakuwatazama. Alikuwa anatazama mabenchi ya wageni, uso mmoja baada ya mwingine, polepole, anatafuta. Alifika mwisho wa benchi la nyuma. Akaanza la mbele.

Akamwona.

Nyaruai aliwahi kuona uso ule mara moja tu, Ngige akiwa darasa la pili, alipotoka langoni mwa shule mvua inanyesha akamkuta mama yake amemjia na mwavuli. Ni uso huo huo. Pengo la meno ya mbele, kila kitu.

Sema sasa, alijiambia. Sema.

Lakini timu ilikuwa nyuma kwa pointi moja na muda unakwisha. Mashabiki wote wa kijani walikuwa wamesimama, wamemnyanyua naye, wanapiga kelele hadi mabenchi yanatetemeka. "Cheza! Cheza! Cheza!" Wabwile alikuwa na mpira, amezingirwa, hana pa kupita. Na kule pembeni Ngige aliinua mikono kuomba pasi huku macho yake yako kwa mama yake tu. Nione. Mami, nione.

Miaka yote hiyo alikuwa ameomba kitu hicho kimoja. Mama gani angemnyima?

"Cheza, mwanangu!" Nyaruai alipiga kelele. "Cheza! Mama anakuona!"

Akacheza.

Wabwile alirusha mpira kwenye pembe ile tupu. Wenzake wakashika vichwa. Mpira ulikwenda... ukafika... ukasimama. Ulisimama hewani, urefu wa mikono ya mtu mrefu. Kisha ukapaa, ukaingia kikapuni bila kugusa chuma.

Uwanja mzima ukanyamaza.

Halafu mtu mmoja akacheka akasema ni upepo, bana, na kelele zikarudi, na mashabiki wa Kitale wakavamia uwanja wakiimba. Wabwile peke yake hakuimba. Alikuwa anatazama viganja vyake. Na kando ya uwanja, Roselyne alikuwa ameweka sinia la njugu chini, amejifunika mdomo kwa kilemba.

Nyaruai alingoja watu wapungue. Akaenda mpaka kwenye mstari mweupe.

"Ngige. Twende nyumbani."

Alikuja. Alikuja mpaka mstarini, karibu hata mama yake akaona vumbi kwenye kope zake. Nyaruai akanyoosha mkono. Ngige akautazama, akatabasamu, akatikisa kichwa kama zamani alipoitwa kula kabla hajamaliza kucheza. Akageuka.

Du... du... du...

"Twende nyumbani! Ngige! Baba, twende nyumbani!" Alilia hadi sauti ikakauka. Roselyne ndiye aliyemshika mabega akamwondoa.

"Ulimwambia acheze, mama," alisema, naye analia. "Sasa atacheza."

*

Njiani vijana waliimba mpaka Kiminini. Wabwile alikaa kando ya Nyaruai, amekumbatia magoti.

"Mama Ngige," alinong'ona, "ile pasi... nilimpatia nani?"

Nyaruai alivuta fulana ya kijani mpaka kidevuni.

"Sikuwa natupa huko. Nilisikia mtu ameniita. Na ilipoingia akaniambia kitu kwa sikio." Alijifuta sikio kwa bega. "Alisema, 'Tena.'"

Kabla mahindi hayajavunwa, Wabwile alikufa. Malaria ilipanda kichwani, daktari alisema, na huenda ni kweli, mvua zilikuwa nyingi mwaka huo. Lakini wenzake wa bwenini walieleza kwamba wiki nzima kabla hajaugua, alikuwa anapiga ubao wa kitanda kwa kiganja akiwa usingizini. Taratibu. Du... du... du...

Nyaruai hakwenda mazishini. Alijiambia ana mafua.

Baada ya mazishi, Roselyne alipiga simu. Hakusalimia.

"Mama Ngige... leo naskia viatu ya watu wawili."

Nyaruai alikuwa anamenya viazi. Kisu kilisimama. Alijua anapaswa kuuliza nini, au walau kumtaja Mungu. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Wanacheka?"

Kwenye simu alimsikia Roselyne akiweka sinia chini.

"Wanacheka, mama. Wanacheka sana."

Na moyo wake ulifurahi. Ulifurahi kwanza, ndipo ukaogopa. Usiku huo Nyaruai alilala usingizi mzito kama hajafiwa kamwe, na asubuhi alipokumbuka sababu yake, alitapika.

*

Siku chache baadaye, akiwa sokoni anafunika viazi vyake, mwanamke alikuja akasimama mbele yake. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, amenyolewa nywele, na alikuwa na mdomo wa Wabwile.

"Mimi ni Nakhungu," alisema. "Natoka Matulo. Wabwile aliniambia wewe ulisema nikuje nimwone akicheza." Alijaribu kutabasamu. "Sikuenda. Tulikuwa tunapanda maharagwe."

Nyaruai alimpa kigoda. Wakakaa wawili nyuma ya viazi bila kusema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kukaa na Nyaruai hivyo, bila kumhurumia wala kumwogopa. Alitamani isiishe.

"Akiwa mgonjwa alikuwa anasema kitu moja tu," Nakhungu alisema. "Ati anangojewa Bungoma, kwa uwanja. Kila saa, niacheni niende, nangojewa. Sasa huwa siwezi lala. Naskia wazee wetu walikuwa wanaenda kuita mtu wao. Lakini mimi nililelewa misheni, hayo mambo hatukufundishwa. Kocha aliniambia wewe ulienda, ukaita wako." Alimshika mkono. "Kesho naenda. Nataka kijana yangu arudi kwetu alale. Niambie tu, mama. Nikifika pale, nimwambie nini kwanza?"

Giza lilikuwa linaingia. Neno lenyewe Nyaruai alikuwa nalo. Alikuwa amelisema kila usiku tangu siku ile, akilirudia ukutani, mtoni, mbele ya sufuria. Lilikuwa tayari mdomoni mwake.

Akaufikiria uwanja ule Nakhungu akishaondoka na mtoto wake. Milingoti miwili. Mabenchi matupu. Na Ngige amesimama peke yake na mpira, kamba ya kiatu imefunguka, hana wa kumpa pasi.

"Mshangilie," alisema Nyaruai. "Mwambie acheze."

Nakhungu alimshika mikono yote miwili, akamshukuru, akamwombea Mungu ambariki. Kisha akamsaidia kufunika viazi.