Viviane na Vidonge vya Mama

Kila asubuhi kule Wamaza, kabla ya kushika madaftari yake, Viviane alimpa mama yake, Mama Emilienne, kidonge na kikombe cha maji. Walikuwa wamepewa dawa hiyo zahanati kwa ajili ya kikohozi. Mwalimu alikuwa amewafundisha darasani kwamba ukianza dawa, lazima uimalize. Na Viviane hakuwa mtoto wa kuambiwa mara mbili.

Siku chache baadaye, midomo ya mama ikatoka vidonda. Macho yakawa mekundu, kifua kikajaa malengelenge.

"Mwanangu, hii dawa inaniunguza," mama alilalamika.

"Meza tu, Mama. Ukiacha hutapona."

Mama akameza. Kesho yake Viviane alipomshika mkono, ngozi ikabanduka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Jamani! Alipiga ukelele hata majirani wakatupa majembe yao.

Baba yake, Papa Tambwe, akaita pikipiki. Barabara ya Kasongo ni mashimo matupu, na kila shimo mama alilia.

Hospitalini, daktari, Munganga Lukumani, aliuliza mgonjwa amemeza nini. Viviane akamwonyesha vidonge vilivyobaki.

"Hivi ndivyo vilivyomuunguza," Munganga akasema. "Wengi huvimeza bila shida, lakini mwili wa mama yako unavikataa. Asimeze hata kimoja tena."

"Basi Munganga, mumupe dawa ya kumuponya!" Papa Tambwe alisihi.

Munganga akainamisha kichwa. "Papa, dawa ya uhakika ya ugonjwa huu haijapatikana. Wataalamu bado wanaitafuta. Sisi tutavilinda vidonda, tumpe maji, tungoje."

Tungoje! Viviane akatoka nje, akajitupa chini. "Mimi ndiye ninayemuua mama," alilia mpaka sauti ikamkauka.

Munganga akamfuata. "Inuka. Shuka zinanata kwenye vidonda vyake. Kata majani machanga ya mgomba, uyachemshe, yapoe, tumlaze juu yake."

Viviane akakata, akachemsha, akatandika, kila siku. Mama hakufumbua macho. Papa Tambwe alikata tamaa kabisa, akaanza kuulizia mbao za sanduku la kuzikia. Viviane alimsikia, lakini akaenda tena kukata majani.

Ndipo asubuhi moja mama akaomba uji.

Alipona, ila jicho moja halikuona tena. Siku ya kuondoka, Munganga alimwandikia Viviane jina la vidonge vile kwenye daftari, akamwambia, "Kumaliza dawa ni vizuri. Lakini ukiona vidonda mdomoni au malengelenge baada ya dawa, usimpe tena, kimbilieni zahanati siku ileile. Na mgonjwa akisema dawa inamuumiza, msikilize."

Miezi ikapita. Mama akashikwa na homa, muuguzi akampa dawa nyingine. Viviane alishika kidonge, hakumpa.

"Leta, mwanangu," mama akasema. "Lakini kwanza nisomee jina lake."

Viviane akalisoma kwa sauti, kisha akalisoma tena. Halikuwa lile la daftarini.