Nywele za Kiti cha Abiria

Faradji alizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akangoja kidogo, kisha akaufunga taratibu kama mtu anayechunga asibane nguo ya mwenzake. Ndipo akarudi upande wake, akaketi kwenye usukani, akawasha. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

Nyirasafari, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni pa gereji na bakuli la uji mkononi, akayaona yote. Mwanamke mwenye akili zake akiona jambo geni kwa mumewe haropoki, analimeza kwanza. Lakini lilimkaa rohoni siku nzima, maana yeye tangu aolewe hajafunguliwa na Faradji hata mlango wa choo.

Na kabla hamjasema wivu tu, mjue huyu mwanamke alisimama wapi. Kwao ni Kanzenze. Aliposilimu ili aolewe na fundi magari wa mtaa wa Waswahili, hapa Gisenyi, baba yake alitangaza mbele ya ukoo kwamba binti wa jina hilo hana tena, na tangu siku hiyo hakuna ndugu aliyevuka kizingiti chake, hata alipougua akakaribia kufa. Watoto Mungu hakumjalia. Nyumba ni ya Faradji, cherehani kanunua Faradji. Faradji akimwacha, hana pa kulaza ubavu. Alilijua hilo kila asubuhi alipoamka.

Gari lenyewe lilikuwa la Mzungu mmoja mwenye mashamba ya pareto, na watu wakamwita Bwana Pareto, basi. Gari la spoti, la kabla ya vita, viti viwili tu, boneti ndefu, taa mbili kubwa za duara. Lilikuwa limelala bandani miaka na miaka, kuku wakitagia ndani, na mwenyewe wa kwanza alikwenda wapi hakuna aliyejua kueleza. Mwaka ule wa hamsini na tano Bwana Pareto alilinunua, akalivuta kwa lori mpaka gereji ya Faradji, chini ya kilima cha Nengo.

"Faradji, hapana mupya," alisema. "Mimi nataka yote d'origine. Bolti ile ile, taa ile ile, ngozi ile ile. Unasikia?"

"Nasikia, Patron. Yote itabakia origine."

Neno hilo lilimwingia Faradji kichwani likajenga. Bolti zilizoota kutu hakuzitupa. Alizilowesha mafuta ya taa, akazisugua, akazirudisha kila moja kwenye tundu lake. Rangi hakupiga mpya. Aliisafisha ile ile kwa kitambaa na nta mpaka kijani chake kikaanza kurudi. Mafundi wenzake walimcheka wakisema anamwosha maiti. Yeye alisema wao ni wapiga nyundo tu, kazi hawaijui, na kwa kweli hakukosea sana.

Viti alimpa mkewe. Nyirasafari alikuwa mshonaji, na mkono wake haukuwa na mpinzani mtaani. Sharti lilikuwa lile lile: ngozi ya zamani ifumuliwe, isafishwe, ishonwe tena, na sindano ipite kwenye matundu yale yale ya zamani. Kiti cha dereva hakikuwa na shida. Alipofumua cha abiria, zikamwagika nywele nyeusi, nyingi, ndefu kupita mkono wa mtu, zimeshikana kwa ukungu.

"Nywele ya farasi," Bwana Pareto alimweleza. "Wazungu wa zamani walitia humo, kiti inakuwa laini. Unaosha, unarudisha. Hata moja usipoteze."

Basi akaziosha. Akazichambua kwa kitana, akazianika juani kwenye mkeka. Zilikuwa laini mno, hazikukwaruza kama mkia wa mnyama, na kila alipopitisha kitana zilionekana kama zimeongezeka urefu. Ila zilinuka kama kaburi, na harufu hiyo haikutoka. Sasa hapo akafanya ambalo mwanamke yeyote wa Kiswahili angelifanya kwa kitu kinachonuka uvundo. Alizipaka mafuta ya nazi kidogo, akazinyunyizia marashi, akawasha chetezo, akatia udi, akafunika kwa tenga, akazitandaza juu yake zifukike. Ndivyo zinavyofukizwa nguo za bibi arusi, na mkono ukizoea kazi yake, mdomo nao hufuata. Akajikuta anaimba ule wimbo wa kumtoa mwari ndani.

Rafiki yake Mukantwari, muuza samaki, alikuwa amekaa kizingitini, beseni kalitua apumzishe kichwa. Alicheka mpaka machozi.

"Sasa hii harusi ni ya nani, we Nyirasafari?"

"Ya mwari wangu huyu," akajibu, naye akicheka, akizipapasa zile nywele. "Haya mwari, umeoga, umenukia. Nenda ukamutulize bwana yangu."

Utani wa wanawake, hakuna aliyeutia maanani. Alizijaza kitini, akashona, tundu kwa tundu, na jioni Faradji akakibeba kiti kifuani mpaka gereji.

Sasa baada ya ile asubuhi ya mlango, Nyirasafari alianza kunusa. Shati la mumewe lilinukia udi, lakini upande mmoja tu, upande wa abiria, bega na mkono. Kwenye kola alikuta unywele mweusi mrefu. Yeye alisuka za kwake fupi, zimebana kichwani. Akauzungusha kidoleni, akautazama, akasema moyoni: haya, nimemjua. Kuna mwanamke.

Mukantwari ndiye aliyemalizia. Alikuja mchana, beseni halijauzwa hata nusu, akaongea kwa sauti ya chini ingawa uani hapakuwa na mtu.

"Dada, mi si mutu wa maneno. Lakini ule mwanamuke mwenye anatembea na bwana yako mu voiture, ni nani?"

"Mwanamuke gani?"

"Nilikuwa pale Petite Barrière, mu mupaka, na samaki yangu. Faradji akapita, anajaribu gari. Kando yake iko mwanamuke. Nywele, ayiwe! Nywele inaanguka mpaka chini ya mulango, inaburuta mu mavumbi. Nikasalimia. Bwana yako akaitika. Ule mwanamuke akageuza kichwa." Mukantwari akajifuta kiganja kwenye kitenge.

"Sura yake ikoje?"

"Ndiyo nakuambia, dada. Aligeuza kichwa, na bado ilikuwa nywele tu."

Nyirasafari aliguna. Alitaka kuamini kwamba rafiki yake amepigwa na jua. Lakini siku ile ile, magharibi, Faradji alipokosa kurudi kuswali, alijifunga kanga mbili akateremka gerejini.

Mlango ulikuwa umeegeshwa. Ndani hapakuwa na taa, ila mwanga wa mwisho wa ziwani ulikuwa unapita dirishani ukilala juu ya boneti. Faradji alikuwa ameketi kwenye usukani, injini imezimwa, anacheka kicheko kidogo cha puani, kile alichokuwa akimchekea yeye zamani walipokuwa wageni wa ndoa. Nyirasafari akataka kumwita, na hapo akasikia springi za kiti cha abiria zikilia nyii, nyii, zikishuka na kupanda kama mtu mzito anajigeuza atazame nani kasimama mlangoni, na udi ule ule aliouchoma yeye kwa mkono wake ukamjia puani ukiwa na uvundo wa kaburi chini yake, na akaona kwamba katika kila tundu alilopitisha sindano palikuwa pamechomoza unywele mmoja, kisha mwingine, kisha mafungu mazima, zikitoka polepole bila upepo, zikitambaa juu ya ngozi, zikapanda bega la mumewe, zikamzunguka shingo kwa mahaba, na yeye mumewe akainamisha kichwa upande huo, akafumba macho, kama mtoto anayekunwa.

Alikimbia. Kiatu kimoja kilibaki njiani na hakurudi kukichukua.

Faradji alipoingia nyumbani alikuta chakula kimefunikwa na mkewe ameketi wima.

"Ile nywele iko ndani ya kiti," alimwambia, "nataka niitoe. Nitatia sufi. Bwana Pareto hataona."

"Hapana."

"Faradji, kuna kitu mule. Nimeona na macho yangu."

"Kila kitu itabakia origine. Ni neno ya Patron."

"Ni neno ya Patron, ao ni yako?"

Faradji alimega ugali, akautazama, akaurudisha. "We mwenyewe ulimuosha," alisema taratibu. "We mwenyewe ulimushona. Leo unamuchukia sababu gani?"

Alisema "ulimuosha", akimaanisha mtu. Nyirasafari hakulala kitanda kimoja naye usiku huo.

Palipokucha alikwenda kwa Maalim Kadiri, aliyefundisha watoto chuoni msikitini. Mtu wa Ujiji, mfupi, mwenye hasira za karibu na mafua yasiyoisha. Alimsikiliza akimenya na kutafuna karanga, na alipofika kwenye chetezo na udi, Maalim akaacha kutafuna.

"Rudia hapo. Ulimwosha?"

"Nilimuosha."

"Ukampaka mafuta, ukamfukiza, ukamwimbia wimbo wa mwari?"

"Ilikuwa mchezo tu, Maalim."

"Mchezo!" Akatupa karanga chini. "Ukamwita mwari, ukamwambia nenda kamtulize bwana yangu, na mumeo akambeba kifuani mpaka kwake. Mama, harusi gani inazidi hiyo? Jini aliyevamia tunamtoa kwa kisomo. Huyu hakuvamia. Wewe ndiye uliyemwoza. Umejiletea mke mwenza kwa mikono yako."

Nyirasafari alilia. Maalim akapenga kamasi, akalainika kidogo.

"Mke haondoki kwa kupigwa makelele," alisema. "Mke anaondoka kwa talaka. Mumeo aitamke mwenyewe, mbele ya mashahidi, na akiwa na akili zake. Nitamfundisha la kusema. Atasema: wewe uliyeletwa kwangu kitini, nimekuacha. Mara tatu. Baada ya hapo kiti tutakichoma moto, na Bwana Pareto atanisamehe."

"Na kama hatakubali?"

"Muulize kwanza."

Aliulizwa, akakubali. Alikubali upesi, hata hakuuliza kwa nini, akasema tu, "Bon, ijumaa." Nyirasafari alifurahi kwa dakika chache, kisha kile kifuraha kikaanza kumwasha. Mtu aliyekataa kutoa unywele mmoja, leo anakubali kutoa mke mzima?

Siku ile, baada ya swala ya Ijumaa, walifika gerejini, jua kali, milango yote miwili wazi. Maalim alikuja na mashahidi wawili, watu wazima wa msikitini, wote wameshika tasbihi kwa nguvu. Nyirasafari alisimama karibu na boneti. Faradji aliketi kwenye usukani kwa sababu alisema akiwa hapo ndiyo atasikilizana naye vizuri. Gari lilikuwa limekamilika na kung'aa. Sema kweli, lilikuwa zuri.

Maalim akasoma. Kiti cha abiria kikabonyea. Shahidi mmoja akarudi nyuma akagonga ndoo ya oili, na harufu ya udi ikajaa gereji nzima pasipo moto.

"Sema, mwanangu," Maalim akanong'ona. "Wewe uliyeletwa kwangu kitini."

Faradji akainua uso. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanashuka mpaka kidevuni, lakini sauti ilipotoka ilikuwa kavu na tulivu kabisa.

"Nyirasafari," alisema, "nimekuacha."

"Siyo hivyo! Faradji, siyo hivyo!"

"Nyirasafari, nimekuacha."

Maalim alimrukia amzibe mdomo, na neno la tatu likapita katikati ya vidole vyake, safi, kila mtu akalisikia.

Nyirasafari alishika taa ya gari kwa mikono miwili.

"Hakusema yeye," alisema. "Maalim, si yeye. Ni ile kitu ilisema mu kinywa yake. Muulize!"

Maalim aliuliza kama sheria inavyotaka. "Jina lako nani?"

"Faradji bin Sefu."

"Leo siku gani?"

"Ijumaa. Tumetoka kuswali pamoja, we ndiye umesalisha."

"Uliyoyasema, umeyasema kwa akili yako?"

Faradji alikitazama kiti cha pembeni, kama mtu anayeomba ruhusa, kisha akamtazama Maalim machoni.

"Kwa akili yangu."

Mashahidi waliinamisha vichwa. Mmoja alisema, "La haula," basi. Maalim Kadiri alijikung'uta magoti, akamkwepa Nyirasafari kwa macho, akasema, "Imepita, mama. Tumeisikia sote. Lakini eda utakaa kwake, humo humo nyumbani, mpaka iishe. Asikufukuze mtu, ni haki yako." Alisema haki kwa sauti ya mtu anayeona aibu.

Alipanda kwenda nyumbani peke yake, jua likimpiga utosini. Hakulia tena. Alitaka kufika, kujifungia, kulala. Alipofika uani alikuta moshi unatoka jikoni, na mkeka wake umetandikwa kivulini. Ndani ya nyumba mtu alikuwa anapanga sufuria, moja juu ya nyingine, bila haraka, kama mwenye kwake.

Mlango ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Ufunguo alikuwa nao mkononi. Alisimama pale muda mrefu akiutazama, kisha akapiga hodi.

"Nani?" akaulizwa kutoka ndani.